Kuchunguza Madai ya Uamilishaji Katika Kompyuta za Shule

UTANGULIZI

Si shule chache za sekondari zinazopata kompyuta zilizokwisha kutumika maofisini. Kompyuta hizo hufanya kazi vizuri kwa miezi kadhaa, kisha siku moja maandishi hujitokeza katika pembe ya skrini yakidai kwamba programu iamilishwe. Dirisha hujifungua katikati ya kipindi, na mwanafunzi akilifunga, hurudi. Wakati huohuo kompyuta huonekana ikijaribu kuwasiliana na anwani ambayo hakuna mtu aliyeiomba.

Mara nyingi jambo la kwanza linalofanywa ni kutafuta namna ya kulinyamazisha dai hilo. Njia hiyo ni mbaya. Dai la uamilishaji ni dalili tu, kama vile homa ilivyo dalili ya ugonjwa. Kukivunja kipimajoto hakumshushii mgonjwa homa. Anayeziba dalili kabla ya kujua chanzo hupoteza ushahidi ambao ungemwongoza, na pengine huingiza ndani ya kompyuta madhara makubwa kuliko yale aliyotaka kuyaondoa.

Makala haya yanaeleza uamilishaji ni nini, kwa nini dai hurudi, na namna ya kutafuta chanzo chake kwa utaratibu uleule wa kisayansi unaotumika katika maabara ya fizikia au kemia. Mifano imechukuliwa katika mfumo wa Windows kwa sababu ndio unaokutwa katika kompyuta nyingi za mezani, lakini kanuni zake zinafaa pia kwa programu nyingine.

MAANA YA UAMILISHAJI

Programu ya kompyuta ni mfululizo wa maagizo yaliyohifadhiwa kwa tarakimu. Kunakili tarakimu ni jambo rahisi, na nakala huwa sawa kabisa na asili yake. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa programu walitafuta njia ya kuhakikisha kwamba leseni moja haitumiki katika kompyuta nyingi kupita idadi iliyokubaliwa. Njia hiyo ndiyo uamilishaji. Kampuni ya Microsoft ilianza kuitumia kwa mapana mwaka 2001, ilipotoa Windows XP na Office XP.

Uamilishaji waweza kulinganishwa na kadi ya gari. Kadi ya gari huonyesha namba ya usajili, namba ya injini na namba ya chasisi. Mkaguzi akikuta kwamba injini iliyomo garini sio ile iliyoandikwa katika kadi, hutaka maelezo, hata kama mwenye gari ni mwaminifu. Katika kompyuta vitu vinavyolinganishwa ni vitatu:

(a) Ufunguo wa bidhaa. Katika Windows, huu ni mfululizo wa herufi na tarakimu 25, uliogawanywa katika makundi matano.

(b) Alama ya vifaa. Programu husoma sifa za vifaa vilivyomo ndani ya kompyuta na kuzifupisha kuwa namba moja.

(c) Kumbukumbu iliyomo katika seva, yaani kompyuta inayotunza orodha ya leseni.

Mambo hayo matatu yakipatana, programu hunyamaza. Yasipopatana, au yasipoweza kulinganishwa kwa sababu mawasiliano yamekatika, programu hudai. Yafaa ifahamike kwamba Windows 10 au Windows 11 isiyoamilishwa haifuti faili za mtumiaji. Huonyesha maandishi ya kukumbusha na kufunga mipangilio inayohusu sura ya skrini. Kwa hiyo hakuna haja ya kufanya pupa; muda wa kuchunguza upo.

KWA NINI DAI HURUDI

1. Saa ya kompyuta imepotoka

Hiki ni chanzo ambacho husahauliwa kwa urahisi. Kompyuta hutunza wakati hata ikiwa imezimwa. Kazi hiyo hufanywa na fuwele ndogo ya kwatzi inayotetema mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuchaguliwa ovyo: ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe hadi kipeo cha 15. Saketi ikiigawa kwa mbili mara 15 hupata pigo moja kila sekunde. Nguvu ya kuendesha saa hiyo wakati umeme haupo hutoka katika betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, iliyopachikwa juu ya ubao mkuu wa saketi, ambao mafundi huuita mazabodi. Betri inayotumika zaidi ni ya aina ya CR2032, yenye volti 3, kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2.

Betri hiyo ikichoka, saa hurudi nyuma kila umeme unapokatika, na kompyuta huamka ikidhani kwamba ni mwaka uliopita zamani. Kasoro hiyo huharibu mawasiliano. Seva hujitambulisha kwa cheti cha tarakimu chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayodhani kwamba tarehe ya kuanza haijafika hukikataa cheti, na uamilishaji hushindikana ingawa intaneti inafanya kazi.

Upo pia upotofu wa saa usioonekana kwa macho. Kompyuta iliyotoka pwani ya magharibi ya Marekani huenda bado imewekwa katika kanda ya saa ya huko. Mtumiaji akisogeza tu mishale ya saa hadi isomeke 10:00, yaani saa nne asubuhi ya Afrika Mashariki, skrini itaonyesha saa sahihi, lakini kompyuta itakuwa na hesabu nyingine. Saa nne asubuhi ya Afrika Mashariki ni 07:00 kwa saa ya kimataifa. Kompyuta inayodhani iko pwani ya magharibi ya Marekani, ambako saa iko nyuma ya saa ya kimataifa kwa saa 8 katika majira ya baridi, itahesabu kwamba saa ya kimataifa ni 18:00. Kosa ni saa 11. Dawa yake ni kurekebisha kwanza kanda, kisha saa.

2. Kifaa kikuu kimebadilishwa

Fundi akibadilisha mazabodi, alama ya vifaa hubadilika kiasi kwamba seva huiona kompyuta hiyo kama nyingine kabisa. Hapa dai ni la haki kwa upande wa programu, kama vile mkaguzi alivyo na haki ya kuuliza kuhusu injini mpya. Mwenye leseni anayeruhusiwa kuihamisha anaweza kuiunganisha na akaunti yake kabla ya matengenezo, ili aweze kuithibitisha upya baadaye.

3. Leseni ni ya taasisi nyingine

Hiki ndicho chanzo kinachohusu zaidi kompyuta zilizotolewa na maofisi. Mashirika makubwa hayaamilishi kila kompyuta kwa ufunguo wake. Huweka ndani ya mtandao wao seva maalumu ijulikanayo kwa kifupi kama KMS. Kila kompyuta ya shirika huiuliza seva hiyo, nayo huiamilisha kwa siku 180. Kila baada ya siku 7 kompyuta hujaribu kuurefusha muda huo, ili siku 180 zianze kuhesabiwa upya.

Kompyuta ikiondolewa katika shirika bila kufutwa na kuwekewa mfumo upya, huendelea na desturi yake. Kila juma huitafuta seva ambayo haipo tena karibu, kwa kuita jina lake katika mtandao na kugonga mlango namba 1688. Mtu anayetazama mawasiliano huiona kama kompyuta iliyopagawa, kumbe inatekeleza tu maagizo ya mwajiri wake wa zamani. Siku 180 zikiisha bila jibu, dai hujitokeza.

4. Muda wa majaribio umekwisha

Baadhi ya kompyuta huuzwa zikiwa na programu za maandishi au za kupambana na virusi zilizotolewa kwa majaribio ya muda mfupi. Muda ukiisha, programu hizo hudai malipo. Ikiwa shule haizihitaji, ziondolewe kwa njia ya kawaida ya kuondoa programu, na dai litakoma.

5. Seva yenyewe imefungwa

Programu ya zamani huweza kudai uthibitisho kutoka kwa seva isiyokuwapo tena. Kwa mfano, kampuni ya Adobe iliizima seva ya uamilishaji ya programu zake za CS2, zilizotolewa mwaka 2005, na ikawapa wenye leseni nakala zisizohitaji seva hiyo. Katika hali kama hii hakuna marekebisho yoyote ndani ya kompyuta yatakayosaidia. Mtengenezaji ndiye wa kuulizwa.

6. Dai ni la uongo, au programu ni ya wizi

Dirisha linalojitokeza ndani ya kivinjari cha intaneti likitaka mtu apige simu au alipe papo hapo ni la matapeli. Likifungwa pamoja na kivinjari na lisirudi, halikutoka kwa mfumo wa kompyuta.

Hatari zaidi ni vile viprogramu vinavyosambazwa kwa ahadi ya kuondoa madai bila leseni. Kiprogramu cha namna hiyo hudai kipewe mamlaka yote ya msimamizi wa kompyuta, na huagiza programu ya kuzuia virusi izimwe kwanza. Hapo mwenye nyumba amefungua mlango na kumfunga mbwa. Kundi la virusi liitwalo STOP, au Djvu, lililojulikana tangu mwaka 2018, limeenea hasa kwa njia hiyo. Virusi hivyo hugeuza faili zote kuwa fumbo lisilosomeka, kisha hudai fidia. Kwa shule, hii ina maana ya kupoteza alama za wanafunzi, mitihani iliyotungwa na kumbukumbu za ada. Aidha, matumizi ya programu bila leseni ni kosa kwa sheria za hakimiliki.

UTARATIBU WA UCHUNGUZI

Mchunguzi hubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, na huandika daftarini kila alichokiona kabla ya kugusa kitu kingine. Hatua zifuatazo zimepangwa kuanzia iliyo rahisi.

Hatua ya kwanza: Hifadhi faili muhimu katika chombo kingine, kisha kichomoe. Nakili maneno yote ya dai pamoja na namba yake ya kosa. Namba hiyo ina maana maalumu. Kwa mfano, 0xC004F074 huonyesha kwamba seva ya KMS haikupatikana. 0xC004F038 huonyesha kwamba seva imepatikana lakini idadi ya kompyuta zilizoiomba haitoshi. Na 0xC004F06C huonyesha kwamba saa ya kompyuta imetofautiana mno na saa ya seva. Tofauti inayovumiliwa haizidi saa 4.

Hatua ya pili: Uliza ni kompyuta ngapi zinazodai, na tangu lini. Dai likiwa katika kompyuta moja tu, chanzo kitafutwe ndani ya kompyuta hiyo: saa, betri au kifaa kilichobadilishwa. Likiwa katika kompyuta zote, na likaanza kwa wakati mmoja, chanzo ni kitu zinachoshiriki zote, kama vile leseni au mtandao.

Hatua ya tatu: Kagua tarehe, mwaka, saa na kanda ya saa. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, subiri dakika chache, kisha iwashe na usome saa upya. Ikiwa imerudi nyuma, badilisha betri.

Hatua ya nne: Fungua dirisha la amri na uandike slmgr /xpr. Jibu litaonyesha kama uamilishaji ni wa kudumu au una tarehe ya kuisha. Kisha andika slmgr /dlv, ambayo hutoa maelezo marefu. Tazama aina ya leseni. Neno OEM humaanisha leseni iliyouzwa pamoja na kompyuta. RETAIL ni ya dukani. VOLUME_KMSCLIENT ni ya taasisi inayotumia seva ya KMS. Na VOLUME_MAK ni ya taasisi inayotumia ufunguo mmoja kwa kompyuta kadhaa.

Hatua ya tano: Ili kuona mawasiliano, andika netstat -ano. Orodha itaonyesha anwani ya kila muunganisho, mlango wake, hali yake, na mwishoni namba ya programu inayohusika. Namba hiyo italinganishwa na orodha ya programu zinazofanya kazi, ili jina la programu lijulikane. Hali ya SYN_SENT humaanisha kwamba kompyuta imebisha hodi na haijajibiwa. Muunganisho mmoja hauthibitishi ubaya. Kwanza ijulikane ni nani anayebisha na kwa nini.

Hatua ya sita: Ikiwa slmgr /dlv imetaja seva ya KMS ambayo si ya shule wala ya taasisi inayojulikana, au anwani inayoanza na 127, yaani kompyuta kujiita yenyewe, huenda kiprogramu cha wizi kimewahi kuingizwa. Kompyuta hiyo itengwe na mtandao. Baada ya hapo njia salama ni kuweka mfumo upya kutoka kwa nakala halali ya mtengenezaji, kwani haijulikani ni nini kingine kilichoachwa ndani.

MFANO WA UCHUNGUZI

Chukua mfano wa maabara yenye kompyuta 20 zilizotolewa na ofisi moja mwezi Januari. Mwezi Julai kompyuta 19 zinaanza kudai uamilishaji katika juma moja, zote zikitoa namba 0xC004F074. Ya 20 ilianza kusumbua tangu mwezi Machi, na kila asubuhi huonyesha mwaka 2009.

Kwa kompyuta ile moja, ushahidi unaelekeza kwenye betri. Inabadilishwa, saa inarekebishwa, na ukurasa wa intaneti uliokataa kufunguka unafunguka. Hata hivyo dai la uamilishaji linabaki. Hapa mchunguzi asidhani kwamba amekosea: kompyuta moja yaweza kuwa na maradhi mawili. La pili analishiriki na wenzake 19.

Kwa kompyuta zile 19, kuanzia Januari hadi Julai ni kama siku 180. Amri ya slmgr /dlv inaonyesha VOLUME_KMSCLIENT, na netstat inaonyesha majaribio ya kufikia mlango 1688. Jibu limepatikana: kompyuta zinaitafuta seva ya ofisi ya zamani.

Mwalimu mmoja anaweza kupendekeza kwamba shule iweke seva yake ya KMS. Lakini seva hiyo haianzi kuamilisha Windows za mezani mpaka kompyuta zisizopungua 25 ziiombe. Shule yenye kompyuta 20 ingepata namba nyingine ya kosa, 0xC004F038. Zinabaki njia tatu zilizo halali.

Njia ya kwanza ni kutafuta leseni ya asili ya kompyuta. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa tangu kutoka kwa Windows 8 mwaka 2012 zimehifadhiwa ufunguo ndani ya mazabodi. Ofisi huweka juu yake toleo la taasisi, na ule ufunguo wa asili hulala bila kutumika. Toleo linaloafikiana na ufunguo huo likiwekwa upya, kompyuta huweza kujiamilisha yenyewe. Njia ya pili ni kununua leseni ya shule inayotumia ufunguo wa MAK, ambao hauna masharti ya idadi ya kompyuta 25.

Njia ya tatu ni programu huria, ambazo leseni zake huruhusu kunakili na kugawa, na kwa hiyo hazina haja ya uamilishaji. Mfumo wa Linux na programu za ofisi za LibreOffice ni za aina hiyo. Jambo hili si geni kwa Kiswahili: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Njia hii ina uzito zaidi kwa kompyuta za zamani, kwa kuwa Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zenye mfumo huo hazina sifa zinazotakiwa na Windows 11.

KUHUSU KUZUIA MAWASILIANO

Wengine huzuia anwani za mtengenezaji ili kompyuta isiweze kuuliza. Kuzuia namna hiyo hakuondoi dai, kwa kuwa programu isiyopata jibu huendelea kudai. Tena, anwani zikizuiwa kwa kukisia, marekebisho ya usalama nayo huweza kukatika, na kompyuta hubaki wazi kwa virusi bila mtu kujua. Ipo nafasi moja ambapo kufuta maelekezo ni sahihi: kompyuta iliyokwisha kupata leseni yake halali haina haja ya kukumbuka seva ya zamani, na amri ya slmgr /ckms hulifuta jina hilo. Tofauti ni kwamba hapa chanzo kinaondolewa baada ya kujulikana.

KAZI YA MAABARA

Vifaa: Betri mbili za CR2032, moja mpya na moja iliyotolewa katika kompyuta ya zamani; voltimita; kompyuta moja.

(a) Pima volti za kila betri na uziandike. Angalia kama betri ya zamani bado ina volti 3. Betri hizi zisiachwe karibu na watoto wadogo. Kuzimeza ni hatari kubwa kwa maisha.

(b) Andika netstat -ano katika kompyuta, kwanza bila kufungua programu yoyote, kisha baada ya kufungua kivinjari. Linganisha orodha mbili na ueleze tofauti.

HITIMISHO

Dai la uamilishaji huonyesha kwamba ufunguo, vifaa na kumbukumbu za seva havipatani, au haviwezi kulinganishwa. Mara nyingine kasoro ni betri ndogo. Mara nyingine ni leseni ambayo haikuhama pamoja na kompyuta. Saa, idadi ya kompyuta, tarehe ya kuanza na namba ya kosa vikiandikwa kwa uangalifu, chanzo huweza kujulikana bila kubahatisha. Shule inayopokea kompyuta za msaada ingefaa iulize habari za leseni siku ya kupokea, badala ya kungojea siku 180 zipite.

MASWALI

1. Eleza kwa nini fuwele ya saa hutetema mara 32,768 kwa sekunde, wala si mara 30,000.

2. Kompyuta ya shirika inayotumia KMS iliamilishwa mara ya mwisho tarehe 1 Februari, kisha ikatolewa kwa shule. Dai litatarajiwa lini?

3. Kompyuta imewekwa katika kanda ya saa ya Uingereza wakati wa majira ya baridi, lakini mishale yake imesogezwa isomeke saa ya Afrika Mashariki. Kosa lake ni la saa ngapi? Je, litavumiliwa na seva ya KMS?

4. Katika maabara ya kompyuta 30, moja tu inadai uamilishaji baada ya kutoka kwa fundi. Taja vyanzo viwili vinavyowezekana, na jaribio moja la kupambanua kati yake.